Wafiwa Wasiomjua Marehemu

Dada yangu Nives aliolewa mwezi wa Januari kwa sababu Januari kumbi ni rahisi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kuhusu shemeji yangu Ermes. La pili ni kwamba mimi simwiti bahili, ingawa wengi pale mtaani wanamwita hivyo. Bahili anazo na hatoi. Ermes hana nyingi, na hizo chache anazitembeza taratibu, kama mtu aliyemshika mgonjwa mkono. Alikuwa dereva wa malori ya viazisukari mpaka kiwanda cha sukari kikafungwa. Nives anapika kantini ya shule. Na mwaka ninaousimulia mvua ya mawe ilikuwa imelitoboa paa lao likawa chekeche, paa likatengenezwa, na kilichobaki ndicho kilichokuwa cha kwendea Venezia.

Sisi ni watu wa Adria, na Venezia iko karibu nasi kiasi kwamba hakuna anayehangaika kwenda. Nives alipelekwa mara moja na shule akiwa mtoto, akarudi anakumbuka njiwa tu. Ndoa yao ilipokaribia kutimiza miaka thelathini, akamwambia mumewe mezani, mimi nikiwepo, kwamba anataka kutembezwa Venezia siku nzima kama wanavyotembezwa wanawake wengine, mkono kwa mkono, madaraja yote.

Ermes alitafuna mpaka akamaliza. "Sawa," akasema. "Ila mipango niachie mimi."

"Hapo ndipo roho inaponidunda," Nives akasema.

Alipanga wiki nzima. Aliuliza watu, akapiga simu, akamsumbua hata padri wetu. Jumapili akatufunulia siri yake kwa sauti ya chini, kana kwamba majirani wangemwibia. Makanisa makubwa ya Venezia, akasema, ukiingia kutazama picha unakata tiketi mlangoni. Ukiingia kusali, hukati. Kwa hiyo ukizijua saa za ibada, unaweza kuona picha za wachoraji wakubwa wote bila kutoa hata senti, umekaa, tena unapigiwa kinanda.

"Kwa hiyo unanipeleka Venezia kusali," Nives akasema.

"Nakupeleka kuona picha. Kusali ni hiari yako."

"Ermes, mara ya mwisho wewe kukanyaga kanisani ni siku mtoto wetu anabatizwa. Na ulitoka katikati ukaenda kuangalia lori."

"Basi Mungu atafurahi kuniona."

Mimi nikamwambia dada yangu achukue kioo chake kidogo cha mkobani, maana picha nyingi za kule ziko darini na shingo yake haikuwa nzima. Ukikiweka kioo mapajani unaziona bila kuinua kichwa. Mchango wangu katika safari ile ulikuwa huo tu, na bado najivunia.

Walipanda treni ya asubuhi, ile inayosimama kila penye kibanda. Ilikuwa siku ya baridi kavu, anga limeng'aa kama limepigwa dasta. Ermes alibeba mfuko wenye mikate iliyotiwa nyama, machungwa, na chupa tupu ya maji ya kujaza kwenye mabomba ya barabarani. Nives alivaa koti lake zuri la kijani na viatu ambavyo nilimkataza.

Walipofika wakaingia mkahawa kunywa kahawa. Nives akavuta kiti. Ermes akamshika kiwiko kwa upole.

"Hapana, mpenzi. Ukikaa, kahawa inapanda bei. Tunakunywa hapa kaunta."

Nives akamtazama. "Miaka thelathini nimesimama jikoni kwako. Leo unanileta Venezia nisimame tena."

"Ila mandhari imebadilika."

Mhudumu wa kaunta akajifanya anafuta vikombe ili asicheke.

Kisha ikaja gondola. Kupanda gondola ile ya wapendanao, yenye mito myekundu na mpigamakasia aliyevaa kofia, ni bei ya sofa, na Ermes alikwisha kusema kwamba angalau sofa unabaki nalo. Lakini ipo gondola nyingine, ya watu wa kawaida, ya kuvuka Mfereji Mkuu kutoka ng'ambo hii hadi ile, na hiyo ni bei ya kahawa. Watu huvuka wamesimama. Ermes alimshika mkewe kiuno, chombo kikayumba, bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga akawasonya wasimsukume, na kabla Nives hajapata pa kuweka miguu wakawa wamefika.

"Gondola hiyo," Ermes akasema.

"Nilipiga chafya katikati," Nives akasema. "Nusu ya safari sikuiona."

Ibada ya kwanza ilikwenda vizuri. Kulikuwa na bibi watano na padri mwenye mafua, na Nives akatazama malaika wote wa darini kwenye kioo chake mpaka akaridhika. Walikula mikate yao kwenye ngazi za daraja moja lililojificha, wakafukuza shakwe mmoja aliyekuja karibu mno, wakagombana kidogo kuhusu viatu. Halafu Ermes akatazama saa, akasema ya pili inaanza.

Kanisa la pili lilikuwa kubwa zaidi na giza zaidi. Walisukuma mlango, ukalia kama mzinga, na wote waliokuwemo wakageuka kutazama. Wote hao walikuwa wanawake wawili wazee mstari wa mbele, na wanaume wawili wazee waliokaa mbali mbali kama waliokosana. Mbele yao palikuwa na jeneza.

Ermes akarudi nyuma hatua moja. "Ni mazishi," akanong'ona. "Nimeambiwa ibada, sikuambiwa mazishi. Tutoke."

"Wameshatuona. Tukitoka sasa ni aibu."

"Tutakaa nyuma."

"Tutakaa nyuma, na utanyamaza."

Wakakaa. Padri akawa anasema maneno ya kumsifu marehemu, lakini kwa shida, anayatafuta. Alisema Tullio alikuwa mtu mwenye msimamo. Mmoja wa wale wazee akakohoa. Padri akasema Tullio hakuwahi kuficha alichofikiri kuhusu mtu. Yule mzee mwingine akatikisa kichwa kukubali, kwa uchungu.

Nives, kwa mazoea tu, alikuwa ameshatoa kioo chake. Akakiweka mapajani, akakielekeza darini, akakosea. Badala ya watakatifu akaona uso wa mjane, mmoja wa wale wawili wa mstari wa mbele, aliyekuwa ameugeuza, anamtazama yeye. Nives akakiinua kioo haraka hadi machoni kana kwamba anajifuta machozi. Na sasa ndipo jambo la ajabu likatokea, ingawa mimi ninayemjua sioni ajabu: akaanza kulia kweli. Dada yangu hulia kwenye mazishi ya televisheni. Akalia mpaka mabega yakawa yanapanda na kushuka, na Ermes, asijue la kufanya, akamzungushia mkono na yeye mwenyewe akainamisha kichwa. Kwa macho ya mtu aliye mbele, hao walikuwa wafiwa wawili waliopondeka.

Ulipofika wakati wa kupeana amani, mjane aliondoka mstari wa mbele akatembea kanisa zima, polepole, akishika viti, mpaka nyuma kabisa. Akawashika mikono wote wawili.

"Asanteni kwa kuja," akasema. "Hamjui mmenifanyia nini."

Ermes akasema pole. Ndilo neno pekee lililomjia.

Nje, boti ya mazishi ilikuwa imefungwa kwenye ngazi za mfereji, nyeusi, imepigwa msasa na rangi, inang'aa. Wabebaji wakashusha jeneza. Nives alikuwa akimvuta mumewe taratibu kuelekea kichochoro, na mjane akawaona.

"Mnakwenda wapi? Njooni. Boti ni ya watu kumi, nimeshailipia, na sisi tuko wanne."

Nives anaapa kwamba Ermes aliposikia boti imeshalipiwa ndipo alipoacha kutafuta kichochoro. Ermes anakana. Anasema hakuwa na uso wa kumkatalia mwanamke aliyevaa nyeusi. Mimi nadhani yote mawili ni kweli.

Wakapanda. Boti ikapita kwenye mifereji myembamba, chini ya madaraja, na watu waliokuwa juu wakavua kofia. Mpigamakasia mmoja wa gondola ya wapendanao akasimamisha chombo chake ukutani kuwapisha, na wateja wake wawili wachanga, waliokuwa wakijipiga picha, wakashusha simu zao. Kisha kuta zikaisha ghafla na boti ikatoka kwenye maji mapana. Mbele kulikuwa na kisiwa cha makaburi na miti yake mirefu, na nyuma yake, mbali kabisa, milima mizima imefunikwa theluji, imesimama kama imetoka kuoshwa. Nives hakuwa anajua kwamba milima huonekana kutoka pale. Akamshika Ermes mkono. Ermes akavua kofia, ingawa baridi ilikuwa inakata masikio, akaishikilia magotini mpaka walipofika.

Mazishi yenyewe yalikuwa mafupi. Padri alisoma, upepo ukamgeuzia kurasa, kila mtu akatupa udongo wake. Nives akatupa. Ermes akatupa. Mjane akamwambia marehemu kitu kwa lahaja yao ya Venezia ambacho hawakukisikia vizuri, lakini kilionekana kama karipio la mwisho.

Boti ilipoanza kurudi, mjane akakaa akiwaelekea. Alikuwa amesema jina lake, Bi Ottavia, na kwamba yule mwingine ni dada yake, na wale wazee ni Bepi na Olindo, waliocheza karata na Tullio mpaka wakagombana naye, kila mmoja kwa wakati wake.

"Sasa niambieni," akasema. "Tullio mlijuana naye vipi?"

Nives alifungua mdomo. Ermes akamwahi.

"Alitusaidia, mama. Zamani. Tulipotea hapa mjini, akatuonyesha njia."

Bi Ottavia akamtazama dada yake. Bepi akainama mbele, kama mtu aliyeambiwa kuwa samaki kamwamkia.

"Tullio aliwaonyesha njia?"

"Kwa upole sana," Ermes akaongeza, na hapo ndipo alipoharibu.

"Mwanangu," Bi Ottavia akasema, "Tullio ameendesha boti ya taka ya mji huu maisha yake yote. Alikuwa anakijua kila kichochoro. Mgeni akimuuliza uwanja mkuu uko wapi, alimwelekeza gerezani. Akirudi nyumbani ananisimulia huku anakula, kwa raha zake."

Ermes akajikuna shingo. "Kwa kweli tulipofika hapakuwa penyewe."

Bepi akacheka kwa pua. Hata Olindo, ambaye hakuwa amemtazama Bepi tangu asubuhi, akamtazama. Lakini Bi Ottavia alikizuia kicheko chake, akamgeukia Nives.

"Dada, wewe una uso usioweza uongo. Hebu sema."

Nives akasema. Aliniambia kwamba maneno yalimtoka kama mtu anayetapika, hakuweza kuyachagua. "Hatukumjua, mama. Hatujawahi kumwona. Tuliingia kutazama picha, kwa sababu wakati wa ibada hakuna tiketi. Mume wangu hakujua ni mazishi. Leo tunatimiza miaka thelathini ya ndoa na hatuna uwezo mkubwa. Tusamehe."

Ermes alikuwa anaigeuza kofia yake kama usukani.

"Na kile kilio?" Bi Ottavia akauliza.

"Kilio kilikuwa cha kweli. Sijui kwa nini."

"Kwa sababu kanisa lilikuwa tupu," Bi Ottavia akasema. "Na mimi nililia kwa hilo. Nilijua hawatakuja. Aligombana na mtaa mzima, hata na muuza magazeti. Mlango ulipolia mkaingia, nikasema, kumbe kuna watu wawili aliwatendea wema na hakuniambia. Misa yote nimekaa nawaza ni wema gani."

Ermes anasema katika maisha yake amewahi kupindua lori lililojaa viazi katikati ya barabara kuu, polisi wakaja, bosi akaja, na hakuona aibu kama ile ya kwenye boti. Alisema, bila utani wowote, "Mama, tumekukosea. Sisi ni washamba wa bara. Tukishuka tutaondoka zetu."

Bi Ottavia akaitazama milima kwa muda. "Hilo kanisa, mlangoni wanatoza ngapi?"

Ermes akamtajia. Akamtajia pia punguzo la wazee na la wanafunzi, maana alikuwa ameyakariri yote.

"Ghali," Bi Ottavia akasema. "Tullio asingelipa."

"Tullio angegombana na wa mlangoni kwanza," Olindo akasema.

"Halafu angerudi usiku kuwaachia mfuko wa taka," Bepi akamalizia. Wakatazamana, wale wazee wawili. Bi Ottavia ndiye aliyeanza kucheka, kimyakimya, mkono mdomoni, kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka dada yake akamshika asianguke. Akacheka na kulia pamoja, na Nives, ambaye hahitaji kusukumwa, akamfuata.

Walipofika gatini Ermes akashukuru, akamshika mkewe mkono waondoke. Bi Ottavia akasema nyumbani kuna chakula alichopika kwa ajili ya watu wa mazishi, na watu wa mazishi ndio hao, na kama hawali wao basi atawapa shakwe.

Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili na jiko, dirisha linatazama mfereji mdogo usio na mgeni yeyote. Kulikuwa na sardini waliokaangwa wakalazwa kwenye vitunguu na siki, na ugali mweupe, si wa njano kama wetu. Ermes alisema ule mweupe ni wa watu wanaoogopa mahindi. Bepi akamjibu kwamba ule wa njano kwao Venezia wanazibia matundu ya boti. Wakaendelea hivyo. Olindo akasimulia jinsi Tullio alivyokataa kumsemesha kwa miaka kwa ajili ya karata moja, na jinsi alivyokuwa akimpitia kila asubuhi na boti yake ya taka, anapiga honi makusudi chini ya dirisha lake. "Tangu alipougua," akasema, "nachelewa kuamka."

Ermes akainuka ghafla, akasema anarudi. Nives akadhani anatafuta choo. Akasogea dirishani na kumwona chini, anavuka kidaraja, anaingia duka la mvinyo. Akamwona kupitia dirisha la duka anaonyesha rafu ya juu, si ile ya chini anayoijua siku zote, na hakumwona akiuliza bei. Alirudi na chupa mbili na ua jeupe moja alilolinunua njiani, lililofungwa kwenye karatasi. Chupa akaziweka mezani. Lile ua akampa Bi Ottavia kwa haraka, huku anatazama pembeni, kama anayetoa kitu cha wizi.

"Na mimi?" Nives akamnong'oneza alipokaa.

"Lilikuwa limebaki moja."

"Mwongo wewe."

"Basi nilikuwa nimebakiwa na pesa ya moja," Ermes akasema, na huo haukuwa utani. Nives akamkandamiza goti chini ya meza.

Katika treni ya kurudi alivua viatu, akaweka miguu juu ya mapaja ya mumewe, na Ermes akaikanda bila kuambiwa. Ibada ya tatu hawakuiona, wala uwanja mkuu, wala lile jumba la kifalme ambalo hata mimi nimeliona. Walikuwa wamekwishapita vituo kadhaa Ermes aliposema, "Nives. Kwenye mazishi yangu watakuja wangapi?"

"Itategemea kama kuna kiingilio."

"Nasema kweli."

"Nami nasema kweli. Watu wa Adria watataka wajue kama ni bure." Kisha akamwona uso wake, akashusha sauti. "Mimi nitakuwepo, mpumbavu wewe. Na nitalia mpaka waniombe ninyamaze."

Ermes akaendelea kukanda.

Walipofika nyumbani walinisimulia mara mbili, kila mmoja kwa namna yake, wakikatizana. Nikamuuliza Ermes kama angeirudia safari. Akasema makanisa ya Venezia ni mazuri lakini hayana joto.

Mwezi wa Mei Bi Ottavia alikuja kwetu, yeye na dada yake, wamebeba kapu la samaki kana kwamba huku hatuna mto. Ermes aliosha gari. Aliwatembeza kwenye tuta la mto Po, akawaonyesha mashamba, kiwanda kilichofungwa, na mahali alipopindulia lori. Bi Ottavia alitazama kila kitu kwa adabu, akasema nchi yetu ni tambarare mno, mtu hana pa kujificha. Alikula ugali wetu wa njano, akaomba tena, akasema hakuupenda.

Siku hizi hupigiana simu na Nives kila Jumatano. Anasema Bepi na Olindo wamerudia karata, na kwamba wanamvutia kiti mchezaji wa tatu asiyekuwepo ili wapate wa kumlaumu. Juzi alimuuliza dada yangu kama Ermes anajua kucheza. Nives akamwambia anajua, lakini hacheki akishindwa.

"Vizuri," Bi Ottavia akasema. "Mlete."

Ermes yuko sebuleni sasa hivi, anachanganya karata peke yake na kutafuta treni ya bei nafuu.